Moyo uliopandikizwa na dawa zake: maswali ambayo familia huniuliza

Ndugu anaporudi kutoka India au Afrika Kusini akiwa amepandikizwa moyo, huja na mfuko wa dawa na karatasi ndefu ya maelekezo. Wiki ya kwanza kila mtu nyumbani huisoma karatasi ile. Baada ya miezi sita iko chini ya godoro, na maswali yanaanza. Mimi ni mfamasia, na haya ndiyo ninayoulizwa mara nyingi. Mengi yanamhusu pia aliyepandikizwa figo, upasuaji unaofanyika Muhimbili tangu 2017, kwa kuwa dawa zao kwa kiasi kikubwa ni zilezile.

Moyo ulikuwa mzima na kundi la damu lililingana. Kwa nini mwili uukatae?

Kundi la damu ni mlango wa kwanza tu. Juu ya kila seli kuna alama ambazo mtu amezirithi kwa baba na mama yake, na chembe nyeupe za damu kazi yake ni kuzikagua. Zikikuta alama ngeni hushambulia, kama ambavyo zingeshambulia kirusi. Hazina namna ya kujua kwamba mgeni huyu ndiye anayemweka mwenye mwili hai.

Hatari ya ugumu huu ilionekana tangu mwanzo. Tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, daktari Christiaan Barnard alimpandikiza moyo mgonjwa wake Louis Washkansky. Moyo ulipiga vizuri. Siku ya 18 mgonjwa alifariki kwa nimonia, kinga yake ikiwa imeshushwa sana na dawa. Ikibaki juu, moyo unashambuliwa. Ikishuka mno, nimonia inaua. Hospitali nyingi zilizojaribu upasuaji huo zikauacha. Kilichofungua njia upya ni saiklosporini, dawa iliyotokana na kuvu wa kwenye udongo wa Norway, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1983. Takrolimusi, ambayo wagonjwa wengi wanaitumia leo, nayo ilitoka udongoni, safari hii Japani.

Kwa nini dawa tatu? Moja isingetosha?

Takrolimusi inazima ishara inayoziamsha chembe nyeupe. Mikofenoleti inazizuia zisizaliane. Prednisoloni inatuliza uvimbe. Zikisaidiana, kila moja inatolewa kwa kiasi kidogo kuliko ingekuwa peke yake, na madhara yanapungua: takrolimusi huchosha figo na kutetemesha mikono, prednisoloni hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Prednisoloni mara nyingi hupunguzwa kadiri miezi inavyokwenda, lakini anayeipunguza ni daktari. Ukiiacha ghafla unaweza kuanguka, kwa sababu mwili ulishaacha kutengeneza homoni yake wenyewe ya kutosha.

Mwanamke anayetumia mikofenoleti asishike mimba kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwani dawa hiyo huharibu mimba na kumdhuru mtoto tumboni.

Nimeambiwa saa 3 asubuhi na saa 3 usiku. Nikimeza saa 5 kuna ubaya gani?

Siku moja, pengine hakuna utakachokiona. Ukizoea, kuna ubaya mkubwa. Takrolimusi ina nafasi finyu sana: ikipungua kidogo moyo hauna ulinzi, ikizidi kidogo figo zinaumia. Ndiyo maana hupimwa kwenye damu, saa 12 baada ya dozi iliyotangulia, wakati imeshuka chini kabisa. Wiki za mwanzo hospitali nyingi hutaka nanogramu 10 hadi 15 kwa kila mililita ya damu, kisha 5 hadi 10 miezi inavyosonga, ingawa kila mgonjwa ana lengo lake.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Asubuhi ya kipimo, kwa mazoea, mtu anameza vidonge vyake kabla ya kutoka nyumbani. Damu ikichukuliwa saa 4, namba inaruka juu, daktari asiyejua anapunguza dozi, na mgonjwa anarudi nyumbani na kinga inayopanda polepole. Mzee mmoja niliyemhudumia alipata dawa ya kosa hili. Alikuwa akija maabara na vidonge vyake kwenye kikopo cha filamu ya kamera, anakishika mkononi tangu kwenye foleni, na pamba ikishabandikwa tu anaomba maji ya kunywa. Fanya kama yeye.

Nikisahau dozi je?

Usimeze mbili kwa pamoja. Piga simu kliniki uwaambie ni saa ngapi zimepita. Vivyo hivyo ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, au ukiharisha: kuharisha mara nyingi hupandisha takrolimusi kwenye damu, kinyume na watu wanavyodhani.

Shangazi ameleta dawa ya kuongeza kinga. Ni ya asili, ina shida gani?

Swali hili linanipa hofu kuliko yote, kwa sababu linatoka kwenye upendo. Shangazi ameona mgonjwa amekonda, amesikia kwamba kinga yake ni ndogo, akatafuta cha kuipandisha. Hakuna aliyemweleza kwamba kinga hiyo imeshushwa kwa makusudi, kila siku, kwa gharama kubwa, ili moyo ubaki. Anayeipandisha anawasaidia wanaoushambulia. Zaidi ya hapo, dawa nyingi za miti shamba hupitia kwenye ini kwa njia ileile ya takrolimusi, na zinaweza kuizidisha au kuiondoa bila mtu kujua. Mwambie shangazi ukweli huu kwa heshima, na umpe kazi nyingine: akumbushe saa, apike chakula kilichoiva vizuri, awazuie wenye mafua wasiingie chumbani.

Balungi nalo liepukwe kabisa, tunda na juisi yake, kwa kuwa linapandisha dawa kwenye damu.

Na dawa za kawaida za dukani?

Parasetamoli kwa kipimo chake haina shida kwa walio wengi. Ibuprofeni na diklofenaki usiziguse, zikikutana na takrolimusi zinaziumiza figo mara mbili. Klarithromaisini, erithromaisini na dawa nyingi za fangasi za kumeza hupandisha takrolimusi kwa kiasi cha hatari. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, huishusha vibaya mno, na huku kwetu TB si ugonjwa wa mbali. Atakayeanza dawa za TB lazima daktari wa moyo ajue kabla ya kidonge cha kwanza.

Nitajuaje kama moyo unakataliwa?

Usisubiri maumivu ya kifua. Mishipa ya fahamu ya moyo hukatwa wakati wa upasuaji, kwa hiyo moyo mpya mara nyingi hauumi hata unapoteseka. Angalia uchovu usioeleweka, pumzi fupi ukilala chali, miguu kuvimba, uzito kupanda ghafla, homa, mapigo yasiyo na mpangilio. Na mara nyingi huoni chochote. Ndiyo maana mwaka wa kwanza daktari hupitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa shingo, akachukua vipande vya nyama ya moyo vidogo kama punje, vikaangaliwe kwa darubini. Ukataliwaji ukionekana mapema, kwa kawaida hutibiwa kwa steroidi (dawa za jamii ya prednisoloni) nyingi za mshipani kwa siku tatu hivi, na wengi hupona.

Naweza kufunga Ramadhani?

Pwani yetu mfungo unazidi saa 13, na dozi zinatakiwa zipishane saa 12. Hesabu hiyo haikai sawa. Ipo takrolimusi ya kumezwa mara moja kwa siku, lakini hailingani na ile ya mara mbili, na kubadilisha kunahitaji daktari na vipimo vya damu, wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na shehe wako atakueleza vizuri kuliko mimi.

Kiwanja cha ndege wanataka kadi ya homa ya manjano.

Chanjo hiyo ina kirusi hai kilichodhoofishwa, nawe hupaswi kuipata. Omba daktari akuandikie barua ya msamaha kabla ya safari, na uulize mapema kama nchi unayokwenda inaikubali. Ichukue pamoja na pasipoti, na dawa zako zikae kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa na siku kadhaa za ziada kuliko safari yenyewe.