Umeme, hita na karo: mpango wa nyumba yenye karakana uwani

Masika yakikaribia, malalamiko yanayotufikia hapa Zanzibar hufanana. Bomba la kuogea linapiga shoti. Msumeno wa seremala unanguruma bila kuzunguka. Karo, yaani shimo la maji machafu, linarudisha maji chooni. Mwenye nyumba huyaona haya kuwa mambo matatu, akaita mafundi watatu kwa nyakati tatu, na kila mmoja akapasua ukuta kwa upande wake. Aghalabu chanzo ni kimoja: nyumba iliwekewa waya kwa ajili ya taa na feni, kisha ikaongezwa hita, kiyoyozi, bafu la pili na banda la ufundi uwani, na hakuna aliyechora chochote. Tunajua wengi hawana nia mbaya; nyumba hukua kidogo kidogo kadiri mkono unavyopata. Lakini mabomba na nyaya havikui vyenyewe.

Tuanze na dhana inayotuchosha zaidi. Kubadilisha breka ya ampea 20 ukaweka ya 32 hakuongezi umeme. Breka ni mlinzi wa waya. Waya wa milimita 2.5 (za mraba, unene wa shaba yake) uliofukiwa ukutani hulindwa kwa breka ya 20. Ukiweka ya 40 kwa sababu "ile ndogo inakatakata", breka itanyamaza na waya ndio utakaopata joto, ganda lake lilainike, na moto uanze mahali usipopaona. Kwenye dari ya boriti kavu za mikoko au banda la makuti, moto huo haungoji mtu. Breka ikikata inakupa taarifa. Itafute sababu.

Sababu hupatikana kwa hesabu. Chukua nyumba ya watu 8 yenye karakana ya seremala umbali wa mita 30 kutoka kwenye mita ya umeme. Hita ya maji ni wati 1,500, kiyoyozi 1,200, birika 2,000, pasi 1,200, pampu 750. Friji, taa, feni na televisheni tuseme 650. Jumla ni wati 7,300. Gawa kwa volti 230, unapata karibu ampea 32. Karakanani, kibao cha msumeno wa meza kimeandikwa ampea 14 na cha randa ya umeme 10. Hizo ni 24 zaidi, na nyumba imefika 56. Ni kweli kwamba vyote haviwaki kwa pamoja, lakini baada ya magharibi, pasi, birika, hita na pampu hukutana, na seremala mwenye oda ya milango huwa bado kazini. Soma ampea kwenye kibao cha mashine yenyewe, usikisie kwa ukubwa wa umbo lake. Mashine ya kuchomelea yenye mkanda begani inaweza kudai ampea nyingi kuliko friji, pasi na pampu kwa pamoja.

Ukifika hapo ndipo unaamua kama utabaki na fezi moja (waya mmoja wenye umeme) au uombe fezi tatu (nyaya tatu). Mota ya kilowati 2.2 ya fezi tatu huvuta takriban ampea 5 kwa kila waya, badala ya 14 kwenye waya mmoja. Kwa mwenye mashine mbili au zaidi za kudumu, fezi tatu ndiyo njia. Kwa mwenye mashine moja na drili, si lazima.

Kuhusu utaratibu, tutaueleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza muda na fedha. Ombi la kuongezewa umeme hupelekwa Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO, kwa jina la mwenye mita ya Tukuza, ile ya kulipia kabla. Kama mita bado ina jina la marehemu baba au la aliyekuuzia nyumba, anza kwa kubadilisha jina. Ombi lionyeshe matumizi halisi: orodha ya mashine, ampea za kila moja, na kama sehemu hiyo ni ya biashara. Kazi ya ndani ifanywe na fundi mwenye leseni, ambaye atatia saini kwamba ameipima. Saini hiyo ni dhamana yake, kwa hiyo usimkubali anayekuletea fomu iliyosainiwa na mtu ambaye hakuwahi kufika nyumbani kwako. Kishoka, fundi asiye na leseni, anayejitolea "kukurahisishia" kwa kufungua mita na kukata lakiri anakuachia kosa wewe, si yeye. Mita ikikutwa imefunguliwa, mwenye kuulizwa ni aliyesajiliwa. Atakatiwa umeme, atahesabiwa deni la umeme uliopita bila kupimwa, na anaweza kufikishwa mahakamani. Kumvutia jirani umeme juu ya ukuta nako hakuruhusiwi, hata kama ni ndugu na hata kama hamlipani. Na anayeweka bafu jipya au kuchimba karo jipya anahitaji kibali cha ujenzi, si maelewano na sheha peke yake. Ndani ya Mji Mkongwe, ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, kibali kinapitia pia kwenye mamlaka ya uhifadhi. Bomba la maji machafu lililoteremshwa usoni mwa nyumba litaondolewa kwa gharama yako.

Sasa kebo ya kwenda karakanani. Makosa mengi yako hapa. Fundi huvuta milimita 2.5 kwa kuwa ndiyo iliyobaki kwenye roli. Waya huo hupoteza takriban milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita moja ya umbali. Kwa ampea 24 na mita 30, unapoteza volti 13, na kikomo kinachokubalika ni asilimia 5, yaani volti 11.5. Baya zaidi ni wakati wa kuwasha: mota ya ampea 14 inaweza kuvuta mara sita yake, ampea 84, kwa sekunde chache. Hapo volti 45 zinapotea njiani, msumeno unapata 185, unanguruma, hauzunguki, na koili inaungua. Fundi wa mota anasuka koili upya, wiki mbili baadaye inaungua tena, na lawama zinakwenda kwenye umeme wa mtaani. Kebo ya milimita 10 kwa umbali huo huo inapoteza takriban volti 3 katika kazi na 11 wakati wa kuwasha.  Kwa mota chagua breka ya aina C, inayovumilia mshituko wa kuwasha. Aina B itakata kila asubuhi na kukurudisha kwenye ile tabia ya kuweka kubwa zaidi. Karakana iwe na kisanduku chake cha breka, chenye mfuniko unaozuia vumbi la mbao. Vumbi laini likijaa ndani ya swichi huwaka.

Kwa mafundi wanaoongeza kwenye nyumba za zamani, angalizo moja kuhusu rangi. Zamani waya mwekundu ulikuwa wa moto (wenye umeme) na mweusi ulikuwa nyutro (wa kurudishia). Katika mpangilio wa sasa kahawia ni moto, buluu ni nyutro, na kwenye fezi tatu mweusi ni moto pia. Nyumba yenye mipangilio yote miwili inaweza kumuua fundi anayefuata. Mahali pa kuungia, funga tepu ya rangi sahihi na bandika maelezo kwenye kisanduku. Kijani, au kijani chenye mstari wa njano, ni erthi tu, waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja.

Na erthi ndiyo inayoamua kama bomba litapiga shoti. Katika ardhi yenye udongo wa kutosha, ya kinongo au kinamo (udongo mzito wa mfinyanzi), rodi la erthi la mita 1.2 huingia lote na hushika unyevu. Katika maweni (ardhi ya jiwe la matumbawe), kuanzia Makunduchi na Jambiani hadi Nungwi, na popote palipo na uwanda (udongo mwembamba juu ya jiwe), rodi linagota jiwe kwenye sentimita 40, fundi analikata kwa msumeno na kufukia kipande. Kipande hicho ni pambo. Badala yake tafuta mfuko wa udongo mwekundu, weka marodi mawili au matatu yaliyoachana angalau mita mbili na nusu, yaunganishe kwa waya wa shaba, kisha upime. Pale ambapo rodi haliingii kabisa, chimba mtaro, laza waya mtupu wa shaba ndani yake na uufukie kwa udongo wa kuletwa, si kwa kifusi cha mawe. Usimwage chumvi; masika ya kwanza yataisomba, na iliyobaki itaila shaba. Kipimo cha ukinzani wa erthi kikizidi omu 200 hakiaminiki, maana kiangazi kitapanda zaidi. Pamoja na hayo, kila nyumba iwe na breka ya uvujaji ya miliampea 30, ile mafundi wanayoiita RCD, na kitufe chake kibonyezwe kila baada ya miezi mitatu. Isipokata, ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Hili wengi hawalijui: nyumba nyingi za zamani zilipata erthi yake kupitia bomba la maji la chuma. Siku fundi bomba alipolibadilisha kwa la plastiki, erthi iliondoka nalo na hakuna aliyeambiwa. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuwataka fundi umeme na fundi bomba wakae na mchoro mmoja.

Jenereta nalo. Baada ya kiza cha kukatika umeme cha Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja, nyumba nyingi zilinunua jenereta, na mpaka leo zipo zinazolichomeka kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande mbili. Huu ni uuaji. Umeme huo unatoka nje kupitia mita, unafika kwenye transfoma, unapandishwa hadi maelfu ya volti, na kumkuta fundi aliye juu ya nguzo akiamini laini imezimwa. Weka swichi ya kubadilishia kati ya umeme wa mtaani na jenereta, ambayo haiwezi kukaa pande mbili kwa wakati mmoja. Hatuna mjadala kwenye hili.

Tuje kwenye hita. Maji ya bombani hapa Visiwani huwa karibu nyuzi 25 kabla ya kupashwa. Kuyapandisha lita 50 hadi nyuzi 60 kunahitaji uniti 2 hivi. Hita ya wati 1,500 inamaliza kwa saa moja na dakika ishirini. Hakuna haja ya kuiacha ikiwaka mchana kutwa. Ile ya kichwa cha bafu inayopasha papo hapo ni wati 5,500, ampea 24: inadai laini yake peke yake, waya wa milimita 4 angalau, breka ya 32 na erthi nzima. Haifai kuungwa kwenye waya wa taa. Inahitaji pia msukumo wa maji, na tangi lililo mita 3 juu ya bomba hutoa msukumo wa ba (bar) 0.3 tu; soma kijitabu chake kabla ya kununua. Swichi ya hita iwe nje ya bafu na ikate nyaya zote mbili. Tangi la lita 50 likijaa hufika kilo 65 au 70, na ukuta wa mawe na chokaa haushiki plagi za plastiki: pitisha bolti mpaka upande wa pili na uweke bamba. Bomba la maji moto liwe PPR, plastiki inayohimili joto. PVC ya kawaida hulegea kwenye joto hilo. Vali ya usalama isizibwe hata ikidondosha maji, kwani kudondosha kidogo wakati wa kupasha ndiyo kazi yake. Maji ya visima vya mawe yana chokaa nyingi, basi fungua tangi kila mwaka, toa kigaga, na uangalie kijiti cha magnesi, kinacholiwa badala ya tangi kupata kutu, kama hakijaliwa chote. Kwa hita ya jua, bamba lielekee kaskazini, maana tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta.

Maji machafu yanakwenda wapi? Kwa watu 8 tangi la septiki liwe na takriban lita 3,500 za maji: mita 2.5 kwa 1, kina cha maji mita 1.4, vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili. Bomba la inchi 4 literemke sentimita 2.5 kwa kila mita, na kila kona iwe na chemba yenye mfuniko unaofunguka. Maji ya paa yasiingie humo. Mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000, zaidi ya tangi zima, na ndiyo inayosukuma uchafu kurudi chooni. Kabla ya kuchimba shimo la kunyonyea, jaribu ardhi: shimo dogo la sentimita 30 kila upande, lijaze, liache usiku kucha, lijaze tena, upime muda wa maji kushuka kutoka robo tatu hadi robo. Yakichukua zaidi ya saa nne, kama kwenye kinamo, shimo halitanyonya. Yakipotea chini ya nusu saa, kama kwenye maweni, usifurahi: yamepita kwenye nyufa bila kuchujwa, na maji tunayokunywa yako chini ya jiwe hilo hilo. Hapo shimo la wazi halifai. Jenga kitanda cha mchanga cha kuchujia, na ukae mbali na kisima, mita 30 zikiwa ni za chini kabisa. Thina, vanishi na mafuta ya karakana visiingie karoni: huua vijidudu vinavyosaga uchafu na kupita mpaka kisimani.

Kwenye uwanja, anza kuchimba kwa kilicho chini zaidi: maji machafu, kisha maji safi juu yake na pembeni, kisha kebo katika mtaro wake, kina cha sentimita 60, juu ya mchanga usio na mawe, na matofali au mkanda wa onyo juu. Pima kila mstari kutoka kwenye pembe ya nyumba, uandike kwenye mchoro, piga picha. Mtaro uachwe wazi mpaka mkaguzi apite. Uliofukiwa kabla ya hapo utafukuliwa, na gharama ya vibarua haitakuwa yetu.