Je, wajua kwa nini ndege ndogo hufungwa kamba kama mashua?

Injini imezimwa, rubani keshaondoka zake, matairi yametiwa kabari mbele na nyuma. Ya nini tena kuifunga ndege kamba tatu, mbili kwenye mbawa na moja mkiani, kama ngalawa inayohofiwa isichukuliwe na maji?

Jibu limo kwenye ubawa. Ubawa haujui kama ndege inakwenda au imesimama. Unachokijua ni upepo unaoupitia. Cessna 172, ndege ndogo ya watu wanne, huanza kuinuka ikifika kilomita 100 hivi kwa saa. Iache pale ilipo, upepo uje wenyewe kwa kasi hiyo, kwake ni mamoja. Wala haulazimiki kufika huko. Nguvu ya kuinua hufuata mraba wa kasi, kwa hiyo upepo wa kilomita 50 unaweza kubeba robo ya uzito, na ndege yenyewe ikiwa tupu ina kilo 750 tu, nyepesi kuliko gari dogo. Ubawa wa upande mmoja ukinyanyuka, wa pili hugonga lami.

Ndiyo maana rubani hupenda kuielekeza pua kwenye upepo. Kwa Unguja na Pemba hilo lina mtihani wake: pua inayoikabili Kusi mwezi wa Juni, Januari itakuwa imeipa Kaskazi mgongo. Tanga mbili, pepo hizo zinapopokezana, ndiyo usiseme. Na hata siku ya shwari, ndege kubwa ikigeuka jirani, pumzi ya injini zake ni tufani tosha.

Kamba nayo ina elimu yake, na hapa mabaharia wetu wangeelewana na marubani haraka. Ya katani haifai sana: ikilowa mvua ya masika hujikaza, ikauvuta ubawa chini, na ubawa umeundwa hasa kubeba mzigo wa kuelekea juu. Nailoni ni bora, hunyumbuka wala haiozi upesi. Huachiwa ulegevu wa sentimita mbili na nusu hivi. Ukiilegeza zaidi, ndege hupata nafasi ya kurukaruka, na kila mruko ni mshtuko kwenye fundo.

Usukani hufungwa pia, vile vipande vya mbawa na mkia visipigwepigwe na upepo hadi bawaba zikalegea. Cessna Caravan, dada yake mkubwa, hufungwa hata pangaboi lake: upepo ukilizungusha injini ikiwa imezimwa, beringi huzunguka bila shinikizo la mafuta.

Kuna adui mwingine asiye na haja ya upepo: nyigu. Hupenda kujenga kwa udongo ndani ya kile kibomba kinachopima kasi ya ndege, kwa hiyo huvishwa kifuniko. Kifuniko hicho huning'inizwa utepe mwekundu mrefu, kwani rubani akiruka nacho, kipimo cha kasi hakitamwambia ukweli.