Anayesoma habari siye aliyeileta

Panda daladala ya Mwenge jioni, utasikia abiria akimsifu mtangazaji fulani kuwa "ndiye anayetuletea habari", kisa anasoma taarifa ya saa mbili usiku kavaa suti kali. Siyo kweli. Kuna mwandishi aliyeshinda na njaa mahakamani Kisutu akisubiri kesi itajwe, kuna mpigapicha, kuna mhariri wa zamu aliyekata nusu ya maneno. Mtangazaji husoma yanayopita kwenye kioo mbele ya kamera. Kusoma vizuri ni ufundi, sibishi, ila ni kipande tu cha kazi.

Tena ustaa wa sura ni mgeni hapa. Zanzibar walipata televisheni 1973. Bara tukasubiri hadi 1994. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, mtangazaji alipanda basi la UDA asijulikane mpaka afungue mdomo.

Mimi niliacha kushangaa siku mtangazaji mwenzetu alipoomba selfi na waziri aliyetakiwa kumbana. Maswali yenyewe aliandikiwa na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, ambaye hata nauli hakulipwa.