Uzito si alama

Juzi nimemsikia tena mchambuzi redioni akisema kwamba kwenye PISA, ule upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, "watoto wasiojibu hupewa alama kwa makadirio". Hapana.

Kwa kifupi: upimaji wa namna hii huchukua sampuli. Kila aliyechaguliwa ana uzito, yaani idadi ya wanafunzi anaowasimamia kwenye hesabu. Baadhi wasipotokea, uzito wa waliotokea huongezwa ili jumla isipungue.

Kinachotuponza ni neno lenyewe. Tangu shuleni tumezoea kuambiwa swali fulani lina uzito wa alama kumi, basi uzito na alama vikawa pacha vichwani mwetu. Wapo wanaopendekeza uzani, wenye asili ya Kiarabu, ndugu wa mizani. Sawa, ila mpenzi wa ushairi akisikia mizani anaanza kuhesabu silabi 16 za mshororo. Mimi nabaki na uzito wetu wa Kibantu, kwa sababu ya mja mzito: unayemwona ni mmoja, kumbe amesimama kwa zaidi ya mmoja.

Chukua shule yenye wanafunzi 210 wa umri huo, nusu wavulana. Wanachaguliwa 42, wavulana 21 na wasichana 21. Ndani ya shule hiyo kila mmoja anabeba watano. Siku ya mtihani wanakuja wavulana 15 na wasichana 20. Uzito wa kila mvulana unapanda hadi 7, wa msichana hadi 5.25. Zidisha: 105 na 105. Majibu yao hayajaguswa hata nukta.

Halafu hilo "kutojibu". Mtoto aliyekuja akaacha swali la tisa wazi amehudhuria. Pengo lake linashughulikiwa kwenye ukokotoaji wa alama zake mwenyewe. Aliyehama shule kabla ya mtihani naye si mtoro, kwa kuwa hayumo tena katika orodha ya wanaopaswa kupimwa hapo. Asiyejibu ni yule aliyepaswa kuwepo na hakuonekana.

Wala marekebisho haya si dawa ya kila kitu. Yanachukulia kwamba wavulana sita waliokosekana wanafanana na wale 15. Kama waliobaki nyumbani ndio dhaifu zaidi, wastani utapanda isivyo haki, uzito uongeze usiongeze. Ndiyo maana PISA hudai asilimia 85 ya shule zilizochaguliwa na asilimia 80 ya wanafunzi, na ndiyo maana mwaka 2003 Uingereza iliachwa nje ya majedwali ya ulinganisho: waliojitokeza hawakutosha.

Basi, ndugu mchambuzi, sentensi yako inahitaji kubadilishwa kidogo tu. Si alama zao zilizokadiriwa. Ni nafasi zao walizogawiwa wenzao waliokuja.