Hakuna mtoto wa kusogeza midomo tu

Karibu kila mwaka, siku ya wazazi, kuna mzazi anayenivuta kando na kuniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, huyu wangu usihangaike naye kwenye kuimba. Kwetu sisi hatuna sauti." Nikimuuliza ni nani aliyemwambia hana sauti, jibu analo tayari. Alikuwa darasa la pili, watoto wanaandaliwa kuimba Misa ya Komunyo ya kwanza, mwalimu akapita mstari kwa mstari ametega sikio, akasimama mbele yake, akamwambia asogeze midomo tu. Tangu siku ile hajaimba. Kila Jumapili anasimama wakati wa Utukufu, kitabu cha nyimbo kiko mkononi, mdomo umefungwa.

Nafundisha muziki madarasa ya chini katika shule ya msingi ya Kikatoliki, na mwaka wangu wa kwanza kazini nami nilimwambia mtoto maneno hayohayo. Misa ilikuwa kesho yake, na sauti yake ilikuwa inawavuta wenzake chini. Sikumkaripia. Nilimwambia kwa upole, nikaona hata nimemsaidia. Naandika haya kwa walimu wanaoanza, hasa wale waliokabidhiwa kipindi cha muziki kwa sababu tu wanaimba kwaya parokiani, kwa kuwa sasa najua kwamba yule mtoto alikuwa na sauti. Mimi ndiye sikujua niitafute wapi.

Mtoto wa miaka 5 au 6 ana sauti za namna mbili, na hakuna aliyemwonyesha tofauti yake. Ya kwanza ni ile ya kuongea na kupiga kelele uwanjani: nzito, yenye nguvu, inayosikika kama inatoka kifuani. Ya pili ni nyepesi, ile anayoitumia akiiga paka au king'ora, au anapomwita mwenzake aliye mbali. Wanamuziki huiita sauti ya kichwa, kwa sababu mwimbaji huihisi ikilia kichwani. Mtoto tunayesema "anaimba nje", mara nyingi anaimba kwa ile sauti ya kuongea. Sauti hiyo haipandi mbali. Wimbo unapanda, yeye anabaki palepale, na anajitahidi kwa kukaza shingo na kuongeza kelele, maana hiyo ndiyo njia pekee anayoijua.

Nilikuwa na mvulana wa darasa la kwanza aliyevuma kama nyuki ndani ya chupa. Wimbo wowote, noti ileile moja, mwanzo hadi mwisho, na uso wenye furaha tele. Siku moja nilipiga magoti mbele yake nikamwomba aimbe chochote. Akatoa ile noti yake. Sikumrekebisha, bali niliimba noti yake hiyohiyo, nikaishikilia naye. Alinyamaza ghafla, akanitazama, akaimba tena kuhakikisha. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia sauti yake ikikutana na ya mtu mwingine na kuwa kitu kimoja. Kisha darasa zima likaja kwenye noti yake. Wiki ile tuliimba salamu zetu zote kutokea hapo, yeye akiwa ndiye anayetoa sauti.

Wiki iliyofuata tukapanda hatua moja, akaja. Tukaongeza, akakwama. Ndipo nikaacha kuimba, nikawaambia wote wafanye king'ora: kuanzia chini kabisa, kupanda, kushuka, mkono wangu ukichora njia hewani. Akapanda bila shida yoyote, kwa kuwa king'ora kwake hakikuwa kuimba. Mkono ulipofika juu nikausimamisha: "Hapo! Baki hapo!" Akabaki. Nikagusa kinanda kuona yuko wapi. Alikuwa kwenye la, noti ya juu kabisa ya wimbo uliokuwa umemshinda. Haikuwa muujiza wa siku moja. Ilichukua muhula mzima na nusu ya mwingine mpaka aipate sauti hiyo mwenyewe bila king'ora. Lakini tangu siku ile sikuwahi kusema tena kwamba mtoto fulani hawezi.

Mwalimu mpya ajue pia wapi watoto wanaimba kwa raha. Kwa madarasa ya kwanza eneo lao ni dogo: kuanzia re iliyo juu ya do ya katikati ya kinanda hadi la inayofuata, noti 5 tu, na wengine huvuka kidogo. Sisi watu wazima tumezoea kutoa sauti chini zaidi, kwa kuwa sisi ndiko tunakostarehe. Tukianzia huko, tunawasukuma watoto wote warudi kwenye sauti ya kuongea, halafu tunashangaa kwa nini wanaimba kwa kupayuka. Kupayuka huko tumekutengeneza sisi.

Mimi ni mwanaume, na hilo lina tatizo lake. Nikiimba kwa sauti yangu ya kawaida, niko oktava nzima chini ya watoto, yaani noti zilezile lakini ngazi nzima chini, kama kutoka do hadi do ya chini yake. Mtu mzima husikia ni wimbo uleule. Mtoto mdogo husikia sauti nzito na kujaribu kuiiga ilivyo, na darasa zima linanguruma. Kwa hiyo natumia sauti yangu nyembamba, au filimbi, au namwomba mtoto mwenye sauti safi aongoze na wenzake wamfuatishe. Hii ya mwisho ndiyo bora kuliko zote. Watoto huisikia zaidi sauti ya mtoto mwenzao kuliko yangu.

(Neno moja la pembeni: mtoto ambaye sauti yake inakwaruza wiki baada ya wiki, bila mafua, mwambieni mzazi ampeleke kwa daktari. Kupiga kelele sana huweza kuotesha vinundu kwenye nyuzi za sauti, na hapo tatizo linakuwa si la masikio.)

Mtoto akishapata sauti, tunaanza na noti mbili tu: so na mi, kwa kushuka. Huo ndio mwito ambao watoto wengi huimba bila kufundishwa, wanapoitana katika michezo. Tunauimbia majina. Naimba jina la mtoto, naye ananijibu kwa noti zilezile mbili. Hapo kila mtoto anaimba peke yake kwa sekunde tatu, nami nimemsikia kila mmoja bila kumweka kwenye mizani mbele ya wenzake. Baadaye inaongezwa la, kisha do na re. Fa na ti zinangoja, kwa sababu zinaleta zile hatua fupi za nusu ambazo sikio changa huzikosea. Mpangilio huu umetokana na mafundisho ya Zoltán Kodály, mtunzi na mwalimu wa muziki wa Hungaria, na alama za mikono zinazokwenda nao zilitengenezwa na mchungaji Mwingereza wa karne ya 19, John Curwen: ngumi kwa do, kiganja kilicholala kwa mi, kiganja kinachotazama kifua kwa so. Mtoto asiyejua kusoma herufi hata moja anasoma mkono wangu bila kukosea.

Majina yenyewe ya noti ni urithi wa Kanisa, na hadithi hii siachi kuwasimulia. Miaka kama 1000 iliyopita, mmonaki Mbenediktini aitwaye Guido wa Arezzo alikuwa akifundisha wavulana kuimba, na akachoka kuona wanapoteza miaka wakikariri wimbo mmoja mmoja. Akatumia utenzi wa Kilatini wa Yohane Mbatizaji, ambao vipande vyake sita vya kwanza kila kimoja huanzia noti moja juu ya kilichotangulia, akachukua silabi ya kwanza ya kila kimoja: ut, re, mi, fa, sol, la. Ut ilikuja kuwa do baadaye. Kwa silabi hizo wavulana wake waliweza kuimba wimbo wasiowahi kuusikia.

Na utenzi huo unaomba nini? Unamwomba Yohane aondoe doa midomoni, ili watumishi waimbe maajabu yake kwa sauti zilizofunguka. Kwa nini aombwe Yohane? Hapo nawarudisha kwenye Injili ya Luka: Zakaria, baba yake, alikuwa bubu tangu siku alipomtilia shaka malaika, hadi alipoandika kwenye kibao kwamba mtoto ataitwa Yohane, na papo hapo kinywa chake kikafunguka. Watoto huicheza hadithi hii. Mmoja anakuwa Zakaria, anaandika jina ubaoni, na neno la kwanza linalomtoka lazima aliimbe. Kila mtu anataka kuwa Zakaria.

Sasa Misa. Shule ya Kikatoliki ina kitu ambacho mwalimu wa muziki wa shule nyingine hana: wimbo una kazi. Hatujifunzi ili tupigiwe makofi mwisho wa mwaka. Wiki hii kuna Misa, na tusipoitikia sisi, hakuna wa kuitikia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya mwaka 1963, ulitaka waamini wote washiriki kwa kuimba, na mwongozo wa Misa za watoto wa mwaka 1973 unasisitiza kwamba katika Misa hizo kuimba kuhimizwe kwa kila njia, kwa jinsi watoto walivyo karibu na muziki. Zingatia: watoto. Haukusema wale wenye sauti nzuri.

Lakini Misa hiyohiyo ndiyo inayotupotosha. Mwalimu anaambiwa Jumatatu kwamba Ijumaa darasa lake litaimba nyimbo sita. Anafanya nini? Anawakaririsha kwa kelele, anawapanga wenye sauti mbele, na wale wengine anawaambia wasogeze midomo. Mimi nilifika huko kwa njia hiyohiyo. Sasa nimekataa. Wimbo mpya ni mmoja kwa mwezi, basi. Vilivyobaki ni vile vinavyorudi kila Misa: Bwana utuhurumie, Mtakatifu, Mwanakondoo, na kiitikio cha wimbo wa katikati, yaani zaburi inayoimbwa baada ya somo la kwanza. Kwa watoto wa miaka 6, kiitikio kizuri cha zaburi chenye noti tatu ni chakula cha kutosha. Paroko hajawahi kulalamika kwamba nyimbo ni chache, na wazazi nao wameanza kuziimba kwa sababu wamezizoea.

Nawafundisha Kilatini kidogo pia, na wenzangu huniuliza kama si mzigo. Kwa anayeongea Kiswahili ni chepesi kuliko anavyodhani. Kilatini cha Kanisa kina irabu tano, nazo hutamkwa karibu sawa na zetu, wazi na bila kumezwa. "Agnus" husomwa "anyus", na ny hiyo ni ileile ya nyumba. "Caeli" husomwa "cheli". Irabu zilizo wazi ndizo zinazofungua koo, na watoto hujikuta wanaimba vizuri zaidi kabla sijawafundisha lolote. Kyrie eleison, ambayo ni Kigiriki, wanaipata siku moja.

Kuhusu kinanda nitasema kwa kifupi: kizimeni. Hasa kile chenye ngoma za kujipiga zenyewe. Mtoto anayefunikwa na kinanda hajisikii, na asiyejisikia hawezi kujirekebisha. Toa noti ya kuanzia, ondoa mkono. Watakapokuwa wameshika sauti wenyewe, kinanda kirudi taratibu.

Kwaresima ndiyo majira ninayoyapenda kuliko yote kwa kufundisha, kwa sababu Kanisa lenyewe linaondoa sauti. Utukufu hauimbwi katika Misa za kila siku wala za Jumapili, Aleluya haisikiki kabisa hadi Kesha la Pasaka, na ala za muziki huruhusiwa kwa kusindikiza waimbaji tu, isipokuwa siku chache. Siku ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu tunafanya jambo lililokuwa likifanywa tangu Enzi za Kati, kuiaga Aleluya. Watoto wameichora kwenye kitambaa kirefu, kila mmoja amepaka rangi sehemu yake. Tunaiimba mara moja, tunakunja kitambaa, tunakifungia sandukuni, na sanduku linakaa juu ya kabati ambapo wote wanaliona.

Basi kwa wiki zile zote, mara moja katika kila kipindi, nasimama chini ya sanduku na kuonyesha ile Aleluya kwa mikono, noti kwa noti, bila kutoa sauti, na wao wanaiimba ndani, bila kutoa sauti. Darasa la watoto 40 wa miaka 6 na 7 linakuwa kimya kiasi cha kusikia ndege nje. Ukiwatazama shingoni unaona wanaimba. Huko ndiko sikio linakojengwa, maana mtoto anayeweza kuisikia noti kabla ya kuitoa hatangoja kuvutwa na jirani yake.

Tukirudi kutoka likizo ya Pasaka nashusha sanduku. Siwapi noti ya kuanzia. Nainua mkono tu, kiganja kikitazama kifua, nawasubiri. Mwaka ule, wa kwanza kufungua kinywa alikuwa yule mvulana wa nyuki. Alianza sekunde nzima kabla ya wenzake, peke yake, kwenye so, na darasa zima likaingia nyuma yake.