Unataka kusomea uzamili wa lishe? Anzia kwenye ghala la mahindi

Kila msimu wa maombi ya vyuo ukikaribia, napata wageni ofisini hapa Iringa. Wengine ni wauguzi, wengine maafisa lishe wa halmashauri, wengine vijana waliomaliza sayansi ya chakula na wanatafuta pa kuelekea. Swali lao ni moja: "Mwalimu, nikasome uzamili wa lishe ya binadamu?" Nami huwauliza kama wamewahi kuingia kwenye nyumba yenye magunia ya mahindi hadi darini, na mtoto aliyedumaa amekaa mlangoni. Aliyekulia huku kwetu hahitaji kufafanuliwa.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Iringa ilikuwa karibu asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu nusu ya watoto wote. Na hii ndiyo mikoa inayolisha nchi! Mahindi yanatoka huku, viazi vinatoka huku, maharage ya Mbeya yanasifiwa hadi Dar es Salaam, maparachichi ya Njombe na Rungwe yanapanda meli kwenda ng'ambo. Anayedhani lishe ni kushiba tu, takwimu hizi zinamkatalia. Hapo ndipo somo lenyewe linapoanzia.

Nikupeleke Kilolo, wilaya ya hapa Iringa. Nilifuatana na mwanafunzi wangu wa uzamili aliyekuwa akikusanya takwimu, tukafika kwa mama mmoja mwenye binti anayekaribia kutimiza miaka 2. Mtoto wa umri huo hupimwa urefu akiwa amelala. Tukalaza ubao wa kupimia juu ya mkeka, tukafungua mabutu ya nywele yaliyokuwa yanazuia kichwa kugusa ubao, mama akashika kichwa, mwanafunzi akanyoosha magoti taratibu na kusogeza kibao cha miguuni. Mtoto akalia. Tukasubiri, tukarudia. Sentimita 77. Binti wa umri ule aliyekua vizuri hufika 85 hivi. Mashavu yake yalikuwa yamejaa, na ndiyo maana nyumbani hakuna aliyeshtuka. "Huyu kamfuata bibi yake," mama akasema. "Ukoo wetu wote wafupi."

Jibu hilo utalisikia kila kijiji, na mtu wa uzamili lazima ajue la kulijibu bila kumdharau mama. Viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vilivyotolewa mwaka 2006 vilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Ilionekana kwamba watoto wadogo wakilishwa na kutunzwa vizuri, hukua kwa kulingana sana hadi miaka 5, wawe wa ukoo gani. Bibi naye, huenda alidumaa.

Mwanafunzi akauliza juu ya mlo wa jana, kuanzia alfajiri hadi usiku. Asubuhi uji mwepesi wa sembe na sukari. Mchana kiporo cha ugali, alicholishwa na kaka yake wa miaka 7, maana mama alikuwa shambani. Usiku ugali na maharage. "Alikula maharage mangapi?" Mama akacheka kidogo: mtoto hupewa mchuzi, maharage yenyewe wanakula wakubwa. Kuku wanataga, lakini mayai yanakwenda gulioni. Ziwa alishaachishwa. Mtoto wa umri huo anatakiwa apate angalau makundi 5 kati ya 8 ya vyakula kwa siku. Huyu, hata ukimhesabia mchuzi, hakuvuka mawili. Na hatujagusa kuhara, maji ya mtoni, wala mzigo wa kazi alioubeba mama akiwa mjamzito.

Kuzisuka sababu hizi pamoja ndiyo kazi ya uzamili, na msusi wa kwanza alikuwa mkoa huuhuu. Mwaka 1983 serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, walianzisha mpango wa lishe Iringa, ukaanza na vijiji 168. Watoto walipimwa kijijini, na wanakijiji wenyewe wakakaa kujadili kwa nini huyu anapungua, kisha wakaamua la kufanya. Uzoefu ule ulichangia sana mchoro wa visababishi vya utapiamlo ambao UNICEF iliutangaza mwaka 1990: juu mlo duni na maradhi, chini yake uhaba wa chakula cha kaya, matunzo hafifu, huduma mbovu za afya na mazingira, chini kabisa uchumi na siasa. Mchoro huo unafundishwa vyuoni kote duniani. Inaniuma kuona kijana wa Mufindi, hapahapa Iringa, anaukariri kama kitu cha kigeni.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ndiko wengi wa huku huenda. Kwa kawaida uzamili wa namna hii huchukua miaka miwili: kwanza masomo ya darasani, kisha utafiti na tasnifu. Takwimu zitakutesa usipojiandaa, kwa hiyo jifunze programu ya kuchambulia kabla hujaripoti. Biokemia nayo ni nzito, ila ndiyo inayokuonyesha sababu ya mambo unayoyaona jikoni. Chukua uji. Ukiwa mzito mtoto haumezi. Ukiongeza maji, nguvu inapungua. Lakini ulezi ukioteshwa, unatoa kimeng'enya kinachovunja wanga. Ulezi huo ukikaushwa na kusagwa ndio unga wa kimea. Tia kijiko chake kwenye uji mzito uliopoa kiasi, utalainika bila maji, kisha uuchemshe tena. Bibi zetu wanaopika komoni, pombe yetu ya kienyeji, wanakijua kimea vizuri sana. Hawakuambiwa tu kwamba kinamfaa na mtoto.

Kuhusu tasnifu nina neno. Usije kwangu na pendekezo la kupima tu kiwango cha udumavu katika wilaya fulani. Kiwango tunakijua. Niletee swali la kwa nini: nani hubaki na mtoto msimu wa kupalilia, nani huamua yai liuzwe, mahindi yanakaa kwenye unyevu kiasi gani kabla ukungu haujaota na kuacha sumu yake, sumukuvu. Kisha anza mapema kufuatilia vibali. Kuna kamati ya maadili ya utafiti, kuna barua ya mkoa, ya halmashauri, ya kata, mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nimeona mwanafunzi akipoteza miezi minne kwa kudharau barua moja. Na kabla ya kulipa ada popote, hakikisha kozi yenyewe imeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).

Yule mwanafunzi wa Kilolo alimaliza. Kabla ya kuwasilisha tasnifu alirudi kijijini Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, hakubeba chati wala karatasi. Aliomba bakuli la maharage yaliyopikwa, akachuja mchuzi kwenye kikombe, akauweka pembeni. Maharage yaliyobaki akayaponda kwa mwiko, akachanganya na parachichi lililochumwa nyuma ya ofisi ya kijiji, akampa mama yule kijiko. Binti alikula, akafungua mdomo tena.