Macho na mapenzi: maswali na majibu kuhusu mboni, mtazamo na afya ya jicho

Maswali yafuatayo huulizwa mara kwa mara, ama kwa utani ama kwa wasiwasi, na watu wanaotaka kujua kama macho yanaweza kumfichua mtu aliyependa. Pale ambapo imani za mtaani zinatofautiana na ushahidi wa kitabibu, tofauti hiyo imeelezwa wazi.

Swali: Je, ni kweli kwamba mboni ya jicho hupanuka mtu anapomwona anayempenda?

Jibu: Ni kweli, ingawa upanukaji wenyewe ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mboni ni tundu jeusi lililo katikati ya duara la rangi la jicho, na ukubwa wake huamuliwa na misuli miwili midogo iliyomo ndani ya duara hilo. Msuli wa kwanza umeizunguka mboni kama kamba ya mdomo wa mfuko, nao unapokaza, mboni husinyaa. Wa pili umetandazwa kutoka ukingoni kuelekea katikati, nao unapovuta, mboni hupanuka. Misuli hii haimsubiri mwenyewe aiamuru. Huendeshwa na mfumo uleule wa neva unaoharakisha mapigo ya moyo, unaotoa jasho viganjani na kukausha mate mdomoni, na ndiyo sababu mtu aliyekutana ghafla na anayemtamani huweza kupatwa na hayo yote kwa pamoja.

Mtu anapoona kinachomgusa moyo, sehemu ndogo iliyo katika shina la ubongo huongeza utoaji wa noradrenalini, kemikali inayouamsha mwili, msuli wa kupanua huvuta na ule wa kusinyaza hulegea, na katika muda wa sekunde moja hivi mboni huwa imeshaongezeka. Nyongeza hiyo kwa kawaida haizidi nusu milimita. Linganisha na kazi ya mwanga: juani mboni ya kijana huweza kuwa na kipenyo cha milimita 2 tu, na gizani ikafika milimita 8. Kwa hiyo wingu likifunika jua mkiwa mmekaa karibu na dirisha, mboni za mwenzako huenda zikabadilika zaidi kwa ajili ya wingu hilo kuliko kwa ajili yako.

Anayetaka kuona jinsi misuli hii inavyofanya kazi asimame mbele ya kioo jioni, chumba kikiwa na mwanga wa wastani, kisha afunike jicho moja kwa kiganja na kulitazama lile lililo wazi. Ataona mboni ya jicho lililo wazi ikipanuka kidogo, na mara tu atakapoondoa kiganja itasinyaa tena, kwa sababu ubongo hujumlisha mwanga wa macho mawili na kuzituma amri zilezile pande zote mbili.

Swali: Uhusiano wa mboni na mvuto ulichunguzwa vipi?

Jibu: Jina linalotajwa zaidi ni la Eckhard Hess, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago nchini Marekani. Alisimulia kwamba usiku mmoja alikuwa kitandani akipekua kitabu cha picha nzuri za wanyama, mkewe akamwangalia na kumwambia kwamba taa lazima ilikuwa na mwanga hafifu, maana mboni zake zilikuwa kubwa isivyo kawaida. Taa ilikuwa na mwanga wa kutosha. Kilichozipanua mboni ni zile picha. Mwaka 1960 yeye na James Polt walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wanaume 4 na wanawake 2 walionyeshwa picha mbalimbali huku macho yao yakipigwa picha. Mboni za wanaume zilipanuka zaidi mbele ya picha ya mwanamke aliye uchi, na za wanawake mbele ya picha ya mwanamume aliye uchi, ya mtoto mchanga, na ya mama na mtoto wake.

Watu 6 ni wachache mno, na waliofuata walikuwa na haki ya kuuliza maswali. Hess alidai pia kwamba mboni husinyaa mtu anapoona asichokipenda, lakini dai hilo halikusimama. Majaribio ya baadaye, yakiwemo yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha kwamba mboni hupanuka mbele ya picha za kupendeza na vilevile mbele ya picha za kutisha au za kuchukiza, mradi tu zimshtue au kumsisimua mtazamaji. Hess na Polt wenyewe walionyesha mwaka 1964 kwamba mboni za mtu aliyepewa hesabu ya kichwa, kwa mfano 16 mara 23, hukua kadiri anavyokaribia jibu na kurudi chini baada ya kulitoa. Kwa maneno mengine, mboni hueleza kwamba ubongo umeamka na umeshughulika, ila haisemi umeshughulishwa na nini.

Swali: Basi naweza kuangalia mboni za mchumba wangu nikajua kama ananipenda?

Jibu: Hapana, na ushauri wa aina hiyo unaosambazwa kwenye simu haufai kufuatwa. Kwanza, watu wengi wa Afrika Mashariki wana macho ya rangi ya kahawia iliyokolea, ambayo haiachani sana na weusi wa mboni, kiasi kwamba kuona mabadiliko ya nusu milimita kutoka upande wa pili wa meza ni jambo lisilowezekana; watafiti wenyewe hutumia kamera za miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, ili kuitenga mboni. Pili, mahali ambapo wapenzi hupenda kukutana ni pale penye mwanga hafifu, na huko mboni za kila mtu ni kubwa, hata za mhudumu anayeleta soda. Tatu, hofu, maumivu, baadhi ya dawa za mafua na mzio, na utafunaji wa mirungi huweza kuzipanua bila mapenzi kuhusika kabisa.

Umri nao una sehemu yake. Mboni hupungua kadiri miaka inavyokwenda, hata gizani, na mzee wa miaka 70 hawezi kuwa na mboni za kijana wa miaka 20. Mke anayelalamika kwamba macho ya mumewe hayang'ai tena kama walipooana huenda anaona kazi ya umri, si upungufu wa mapenzi.

Swali: Na mtazamo je? Macho ya mtu aliyependa hutazama wapi?

Jibu: Hapa ushahidi una uzito zaidi, kwa kuwa mwelekeo wa jicho unaweza kupimwa kwa urahisi kuliko hisia. Mwaka 1970 Zick Rubin, aliyewachunguza wapenzi wanafunzi nchini Marekani, alieleza kwamba waliopata alama za juu katika kipimo chake cha mapenzi walitazamana machoni kwa muda mrefu zaidi kuliko waliopata alama za chini. Mwaka 1989 watafiti wengine waliwaketisha watu wasiofahamiana na kuwataka watazamane machoni kwa dakika 2 bila kukoma, na waliotazamana hivyo walieleza kuvutiwa na wenzao zaidi ya wale waliopewa maelekezo mengine. Mtazamo basi huonyesha mapenzi, na pia huweza kuyachochea.

Mwaka 2014 Stephanie Cacioppo na wenzake walifuatilia kwa kifaa maalumu nyendo za macho ya vijana waliokuwa wakitazama picha za watu wasiowajua. Walipoulizwa kama picha inawapa hisia za mapenzi, macho yao yalituama zaidi usoni. Walipoulizwa kama inawapa hamu ya kimwili, yalishuka zaidi kwenye mwili. Uamuzi huo ulifanyika haraka sana, kabla mtu hajapata nafasi ya kujirekebisha.

Hata hivyo, matokeo hayo hayafai kuhamishwa mzimamzima hadi Tanga, Lamu au Bujumbura. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba kumkazia macho mkubwa au mkwe ni utovu wa adabu, na binti anayeinamisha macho anapozungumza na mchumba wake mbele ya shangazi anaonyesha malezi, wala hakuna kifaa kitakachosoma katika kuinama huko kwamba hampendi. Mtu anayepima mapenzi kwa muda wa kutazamana ni lazima kwanza ajue mtu anayempima alifunzwa kutazama namna gani.

Swali: Ubongo unafanya nini wakati macho yanapomtazama mpenzi?

Jibu: Mwaka 2000 watafiti Andreas Bartels na Semir Zeki wa London waliwaonyesha watu 17 picha za wapenzi wao wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, na mwaka 2005 kundi la Marekani lililowahusisha Arthur Aron, Helen Fisher na Lucy Brown likafanya hivyo kwa watu wengine 17 waliokuwa katika mapenzi mapya na makali. Kundi hili la pili lilikuta kwamba sehemu za ndani ya ubongo zenye kemikali ya dopamini kwa wingi, zile zinazomsukuma mtu kutafuta kinachompa raha, ziliamka zaidi mbele ya picha ya mpenzi kuliko mbele ya picha ya mtu mwingine anayefahamika. Katika uchunguzi wa London, baadhi ya sehemu zinazohusika na hofu zilipunguza kazi.

Swali: Vipi kuhusu "macho ya kula kungu"? Kuna dawa ya kuyapata?

Jibu: Macho yanayosifiwa kwa jina hilo ni yale yaliyolegea, yenye kope zilizoshuka nusu, na hayana uhusiano na mboni. Kope hunyanyuliwa na msuli wake, na mtu anaweza kuulegeza kwa makusudi, yaani kurembua, au ukalegea wenyewe kwa usingizi na utulivu. Kungu inayotajwa mara nyingi ni kungumanga, kiungo ambacho kikiwa kidogo kwenye pilau au uji hakina madhara kwa mtu mzima mwenye afya. Kuila kwa wingi kwa wakati mmoja ni jambo jingine: punje nzima au zaidi inaweza kuleta kichefuchefu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, kukauka mdomo na kuona vitu visivyokuwepo, na dalili hizo huanza saa kadhaa baadaye, wakati mtu ameshaongeza nyingine akidhani ya kwanza haikufanya kazi. Wanaoandaa bibi harusi walizingatie hili.

Ikiwa kope za mtu zimeanza kushuka bila kukusudia, hasa zikizidi kushuka kadiri jioni inavyokaribia au akianza kuona vitu viwili-viwili, huo si urembo. Unaweza kuwa ugonjwa wa misuli na neva, na unahitaji daktari.

Swali: Je, wanja ni salama?

Jibu: Inategemea umetengenezwa kwa nini. Wanja huvutia kwa sababu mstari mweusi huufanya weupe wa jicho uonekane mweupe zaidi, na kwa karne nyingi watu wa Uarabuni, Bara Hindi na pwani yetu wameutumia. Tatizo ni kwamba wanja wa manga wa asili mara nyingi hutokana na jiwe lenye risasi, yaani ile madini ya sumu, na risasi huingia mwilini inapopita puani pamoja na machozi au inapofikichwa kwa vidole na kupelekwa mdomoni. Watoto ndio huathirika zaidi, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo unaokua na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwao. Desturi ya kumpaka mtoto mchanga wanja ingefaa kuachwa. Kwa watu wazima, wanja wa penseli wenye maelezo ya viambato ni afadhali, na penseli moja isizunguke macho ya marafiki wote kabla ya sherehe, maana ugonjwa wa macho mekundu husambaa kwa njia hiyo.

Swali: Na matone ya kupanua mboni ili macho yapendeze?

Jibu: Wazo hilo ni la zamani. Inaelezwa kwamba wanawake wa Italia walidondoshea macho utomvu wa mmea wa beladona, wenye atropini, ili mboni zao ziwe kubwa. Hess alipata kuonyesha kwamba hawakukosea sana kuhusu mvuto: alitumia picha mbili za mwanamke mmoja, moja ikiwa imechorwa mboni kubwa, na wanaume walioziona waliitikia zaidi hiyo yenye mboni kubwa bila wengi wao kutambua tofauti ilipo.

Leo matone ya aina hiyo hutumiwa kliniki ili daktari aone sehemu ya nyuma ya jicho. Aliyewahi kuwekewa anajua yanayofuata: baada ya nusu saa hivi benchini, ujumbe wa simu hausomeki, na ukitoka nje jua linachoma macho, hali inayoweza kudumu saa kadhaa. Kwa mtu ambaye njia ya kutolea maji ya ndani ya jicho lake ni finyu, matone hayo huweza kuamsha ghafla presha ya macho, yenye maumivu makali, kutapika na hatari ya upofu. Hayafai kununuliwa kwa ajili ya urembo. Matone ya kuondoa wekundu nayo yakitumiwa kila siku huweza kurudisha wekundu uliozidi ule wa awali.

Swali: Ni lini mboni kubwa au ndogo ni dalili ya hatari?

Jibu: Takriban mtu 1 kati ya 5 ana mboni zinazotofautiana kidogo, chini ya milimita 1, tangu zamani, na hilo halina madhara, picha za miaka iliyopita zitathibitisha. Tofauti iliyotokea ghafla ni dharura, hasa ikifuatana na kichwa kuuma vikali, kope kushuka, kuona viwili-viwili, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au ikiwa mtu amepigwa au kuanguka na kuumia kichwa. Mboni ndogo kama ncha ya sindano kwa mtu aliyezimia au anayehema kwa shida huashiria heroini na dawa za jamii yake, na ikiwa anatokwa mate na jasho jingi, huenda ni sumu ya kuulia wadudu shambani. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa au pakiti ya kitu alichotumia ikiwa imepatikana, na jicho lake lisiwekewe tone lolote njiani, kwa sababu daktari atahitaji kuiona mboni ilivyo.